Anayeleta Kesi Ndiye Anayeleta Chakula

Majuzi tulimzika Daktari Njuguna kule Kinoo, nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya bonde alikokuwa akipanda nduma, magimbi kwa wengine. Alikuwa ameshapita miaka tisini, kwa hiyo hapakuwa na kilio kikubwa. Palikuwa na hema, viti vya plastiki, nyimbo za kanisani zilizoimbwa polepole mno kwa ladha yangu, na foleni ndefu ya chakula. Mimi na ushungi wangu nilikaa katikati ya kina mama wa kanisa, wakanisogezea kiti kana kwamba wananijua tangu zamani, na wengine kweli walinijua, maana niliwahi kuwasikiliza vifua. Binti yake mkubwa alisimama akasema baba yake alikuwa mtu wa kuuliza maswali hata mezani, hata kwa wakwe waliokuja kuposa. Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikajikuta nalia, na nilipokiinua kikombe cha chai ili nijifiche nyuma yake, mkono wangu wa kulia ukaanza ule mtetemeko wake. Nikakihamishia kushoto upesi. Hakuna aliyeona, au kama yuko aliyeona alidhani ni majonzi.

Mtetemeko ule hauhusiani na majonzi. Una karibu mwaka sasa. Huja ninapotaka kufanya jambo dogo la ustadi, kushona jeraha au kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, na pale kliniki yangu ya Kilimani nimekuwa nikiwaachia madaktari vijana kazi hizo kwa kisingizio kwamba wanahitaji mazoezi. "Shona wewe, Brian, nikuone," nasema, kisha nakunja mikono kifuani kama mwalimu mkuu. Brian hunishukuru, maskini. Kwa hiyo siku ile, sahani ikiwa mapajani na kipande cha nduma pembeni mwa wali, nilimkumbuka mzee kwa mapenzi, na pia kwa haja. Kuna mwaka mmoja alionifunza jambo ambalo chuo hakikunifunza, na nilikuwa nimelisahau kwa makusudi.

Ulikuwa mwaka ule ambao madaktari tuliambiwa kwamba kusoma hakuishii chuoni. Anayetaka leseni yake ihuishwe lazima aonyeshe kwamba amehudhuria mafunzo na kukusanya alama. Siku hizi hakuna anayeshangaa. Vijana wangu huzichuma alama kwenye simu, na mimi pia. Wiki kabla ya mazishi nilihudhuria somo la magonjwa ya moyo nikiwa jikoni nakaanga vitunguu vya pilau, kamera nimeizima, sauti nimeizima, na mwisho nikabonyeza mahali nikaletewa cheti kizuri chenye jina langu. Vitunguu viliungua kidogo. Somo lenyewe ukiniuliza leo sina hata neno moja. Lakini wakati ule jambo lilikuwa geni, na wazee walilipokea kama tusi. Mtu amezalisha nusu ya mtaa, leo aambiwe akakae darasani na kusainishwa kama mtoto wa shule! Wengi walikwenda kwenye mikutano ya hotelini, wakasaini, wakala sambusa, kisha wakatokea mlango wa nyuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mgeni kutoka Mombasa, na baridi ya Nairobi ilikuwa imeniingia hadi kwenye magoti. Nilipanga chumba Ngara, ghorofa ya juu, chenye dirisha lililotazama paa la soko. Kazi niliipata Kinoo, kwa Daktari Njuguna, kwa hiyo kila asubuhi wakati watu wote wanaingia mjini mimi nilikuwa natoka, na jioni wakitoka mimi naingia. Kliniki yake ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuifikia ulipita kati ya mifuko ya saruji na mabomba, na wagonjwa wengine walifika wana vumbi jeupe mabegani. Sakafu ilikuwa nyekundu, imepakwa nta hadi inateleza. Dirisha la chumba chake lilitazama barabara kuu ya Waiyaki, na malori yaliyokuwa yakipanda kwenda bara yalitikisa chupa za dawa kabatini. Kabla ya kumsikiliza mgonjwa kifua, ilikuwa lazima Daktari Njuguna afunge dirisha. "Hiyo malori inasumbua," alikuwa akisema. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nilijiambia, tazama daktari wa zamani anavyojali kazi yake, mimi mara ngapi nimesikiliza kifua na redio inaimba!

Saa ya chakula cha mchana tulifunga mlango tukala chumbani kwake, kwenye meza ile ile ya kazi, juu ya gazeti. Daima ilikuwa nduma za kuchemsha, parachichi na chumvi, na chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya chai iliyopasuka kifuniko. Alimenya nduma kwa kisu cha mfukoni, polepole, ganda likitoka refu bila kukatika, kisha akanikatia mimi kwanza. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kahawia na masikio makubwa, na alipenda kunitania. "Zuhura, wewe unaongea Kiswahili mpaka mgonjwa anasahau kile kinamuuma," aliniambia siku ya kwanza. Nami nikamjibu, "Na wewe, Daktari, unaongea Kiswahili mpaka Kiswahili chenyewe kinaumwa." Nilijuta hapo hapo, lakini alicheka hadi akapaliwa na chai. Alikuwa akinitazama mdomoni ninapozungumza. Nilidhani ni lafudhi yangu ya pwani inayomfurahisha.

Masomo yetu yalikuwa Jumamosi alasiri, Ngara, juu ya duka la vitambaa vya jumla. Aliyeyaanzisha ni Daktari Wairimu, bingwa wa magonjwa ya ndani, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye ukimwona barabarani ungemdhania mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefuata taratibu zote ili sisi madaktari wa mitaani tupate alama zetu bila kwenda hotelini. Tulikaa kwenye chumba chake cha kungojea wagonjwa, kwenye viti vya mbao vilivyopangwa duara, na harufu ya vitambaa vipya ilipanda ngazi pamoja nasi. Siku ya kwanza alitueleza kanuni zake akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Hapa hakuletwi mgonjwa ulimponya," alisema. "Huyo nenda umsifie nyumbani kwako. Leta yule alikushinda. Halafu, hakuna kutoa ushauri kabla ya swali. Kila mtu atauliza swali moja, na hasa kama unadhani unajua jibu. Na anayeleta kesi ndiye analeta chakula."

"Chakula ni cha nini, Daktari?" aliuliza Kibet. Kibet alikuwa na kliniki Kangemi na simu mbili, na tangu siku ile ya kwanza alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Mtu akishakula chako," Wairimu akamjibu, "hawezi kukucheka sana."

Ikawa hivyo. Zamu yangu ilipofika nilipika mahamri na mbaazi za nazi, nikawaletea mzee niliyemtibu malaria mara mbili kumbe mafigo yake yalikuwa yanakufa. Niliona aibu hadi masikio yakawa moto. Lakini wenzangu walikuwa na mahamri midomoni, na maswali yalikuja yamelainika. Kwa nini hukumpima mkojo? Nani alikuambia ni malaria, yeye au wewe? Nilijifunza zaidi kwa alasiri ile moja kuliko kwa muhula mzima. Elimu haina mwisho, tunasema, lakini hatusemi kwamba inauma, na kwamba ikiliwa na kitu kitamu inashuka vizuri zaidi. Kibet yeye hakuwa akishuhudia mengi. Alifika, akasema, "Sasa madaktari, nimesign, niko na ward round, wagonjwa wananingoja," akachukua andazi, akateremka ngazi. Wairimu alimtazama akienda.

Daktari Njuguna hakukosa hata Jumamosi moja. Na kila Jumamosi alileta nduma, sufuria nzima imefungwa kwa taulo ili zisipoe, iwe zamu yake au ya mwingine. Ilipofika zamu yake alisema, "Kesi yangu itakuja. Kwanza mkule." Tukala. Zamu ikamzunguka tena, akasema hivyo hivyo, tukala tena. Watu walimpenda kwa ukarimu ule. Nani angemkazania mzee wa watu, mkubwa kuliko sisi sote, na nduma zake zinayeyuka mdomoni kama siagi?

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, Wairimu aliamua tufanye mazoezi ya kusikiliza moyo. Alimwita Bwana Ramadhani, karani wa duka la vitambaa pale chini, ambaye alikuwa mgonjwa wake wa miaka mingi na ana mlango wa moyo unaovuja tangu utotoni. Bwana Ramadhani alikubali kwa sharti la chai na heshima. Alivua shati akakaa katikati ya duara akitetemeka. "Madaktari," alisema, "mnanisikiliza au mnanigandisha?" Ilipitishwa stethoskopu moja, ya Wairimu, kutoka mtu hadi mtu. Kila mmoja alisikiliza mvumo wa damu inayovuja akasema alichosikia.

Hapa lazima nieleze jambo dogo. Stethoskopu ile, kama nyingi, ilikuwa na kichwa chenye pande mbili. Upande mpana ni wa sauti za juu, upande mdogo wenye umbo la kikombe ni wa sauti za chini. Ukikizungusha kichwa, upande mmoja hufunguka na mwingine hufungika. Kuweka kifuani upande uliofungwa ni kosa ambalo kila daktari amelifanya. Unasikia kimya kitupu, unajicheka, unazungusha, unaendelea. Mimi nilimalizia kusikiliza kwa upande mdogo, nikampa Daktari Njuguna stethoskopu bila kuizungusha. Akaiweka upande mpana kifuani pa Bwana Ramadhani. Nilingoja ashtuke, acheke, azungushe. Hakuzungusha. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi sote, amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, "Ni kali. Na inaenda mpaka huku kwapani. Nakubaliana na wenzangu." Yalikuwa maneno sahihi kabisa, maana sote tulikuwa tumeyasema kabla yake. Lakini kutoka kwenye kile kichwa kilichofungwa asingeweza kusikia hata nyundo.

Nilitazama huku na huku. Wengine walikuwa wanamwaga chai. Nikanyamaza, kwa sababu sikujua adabu ya jambo kama lile. Kwetu ukimwona mkubwa wako nguo imemvuka unageuza uso. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikumbuka dirisha analolifunga. Nilikumbuka macho yake mdomoni mwangu. Na nilikumbuka wagonjwa wote aliowaambia, "Kifua iko safi, mama, nenda ukunywe maji moto."

Mmoja wao alikuwa Mama Nyambura, aliyeuza sukuma wiki kando ya barabara, hatua chache kutoka mlango wetu. Daktari Njuguna alikuwa amempa dawa ya kikohozi siku chache kabla. Alhamisi iliyofuata alirudi akiwa ameegemea bega la mwenzake, akaangukia kwangu kwa kuwa mzee alikuwa na mgonjwa mwingine. "Daktari, hii kifua inanidunga hapa kwa mbavu," alisema, na hakuweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Nilimsikiliza. Upande wa kulia chini, mahali ambapo hewa ilipaswa kuingia, palikuwa kama ukuta. Palikuwa hivyo kwa siku kadhaa, bila shaka. Mwanafunzi angelisikia lile. Tulimpeleka hospitali kwa teksi ya jirani, picha ya kifua ikaonyesha nimonia iliyokomaa, wakamlaza. Nakwambia mapema ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi: alipona. Lakini siku mbili za mwanzo hakuna aliyejua, na mimi niliziishi siku hizo na maswali mawili tu. Nikinyamaza, mgonjwa wa pili atakuwa nani? Na nikisema, nitakuwa nimemfanyia nini mzee aliyenikatia nduma mimi kwanza?

Ijumaa jioni nilipanda ngazi za Wairimu nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama dirishani, koti tayari begani. Hakushangaa sana.

"Nilishuku kuna kitu," alisema. "Mtu haleti nduma kila wiki bure. Lakini nilidhani ni kuogopa kuchekwa tu. Hii ni mbaya zaidi." Akalishusha koti. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Daktari? Nimekwambia, nimeona kwa macho yangu."

"Zuhura, ile kanuni ya swali kwanza, nani alikuambia ni ya hapa juu pekee? Ukienda kumwambia, atajitetea. Muulize. Lakini kesho asubuhi, si wiki ijayo. Kuna watu wagonjwa pale."

Jumamosi tulikuwa tukifungua kliniki nusu siku. Nilifika kabla ya wagonjwa. Daktari Njuguna alikuwa mezani, amekwisha tandika gazeti, anamenya nduma ya kuanzia kazi. Nilisimama mlangoni nikasema, "Daktari, kile kifua cha Mama Nyambura, ulisikia nini?" Lori lilikuwa linapita. Aliendelea kumenya. Basi nikaingia, nikakaa mbele yake, uso kwa uso, nikarudia neno kwa neno, na safari hii alinitazama mdomo hadi nikamaliza. Kisu kikasimama. Lile ganda refu lilikatika likaanguka kwenye gazeti.

"Nilisikia kile nilikuwa natarajia kusikia," alisema.

"Tangu lini, Daktari?"

"Hiyo ni swali ya pili." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Sheria ni moja. Ngojea alasiri."

Alivua stethoskopu shingoni akaitundika kwenye msumari wa kalenda. Mgonjwa wa kwanza alipoingia, alimwambia, "Leo Daktari Zuhura ndiye atakusikiliza. Mimi nitauliza tu." Sufuria ya nduma ilibaki pale mezani. Sijui kama aliisahau au aliiacha.

Alasiri alifika Ngara mikono mitupu. Lile lilikuwa jambo la kwanza ambalo kila mtu aliliona, hata Kibet, aliyekuwa amekwisha saini na kushika kitasa. Daktari Njuguna alikaa kwenye kiti cha mleta kesi, akafunga vifungo vyote vya koti lake la kahawia, akasema, "Mniwie radhi, leo sina chakula."

"Chakula umeleta mwaka mzima," Wairimu akamjibu. "Leo leta kesi."

Akaanza kama tulivyofundishwa wote, kwa sauti ile ya daktari mbele ya wenzake. "Mgonjwa ni mwanaume, miaka sitini na nane. Anapanda nduma. Kazi yake ni daktari." Kikombe cha mtu kililia kwenye kisahani. "Kwa miaka mbili hivi hasikii mapafu. Moyo anasikia kidogo, kama iko na nguvu. Watu anasikia kama anawaangalia mdomo. Amekuwa akifunga dirisha na kulaumu malori. Wiki hii karibu aue mama wa sukuma." Akakipapasa kifungo cha koti. "Amekuwa akija hapa kujifunza, na hapa pia amekuwa akidanganya. Hiyo ndiyo kesi."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumewatupia wagonjwa wetu mara elfu, tukiwa tumeketi upande salama wa meza. Sasa mmoja wetu alikuwa amehamia upande wa pili mbele ya macho yetu, na hakuna aliyejua pa kuangalia. Kibet ndiye aliyetuokoa. Aliachia kitasa, akavuta kiti, akakaa.

"Mgonjwa amepimwa masikio?" aliuliza.

"Bado."

Maswali yakazunguka duara. Kuna sauti inayolia ndani ya sikio? Nyumbani wanajua? Yote aliyajibu kifupi, kama mtu anayelipa nauli. Ikafika kwa Wairimu, naye akakaa kwanza, kitu ambacho hakuwa akikifanya wakati wa masomo, ili mdomo wake uwe sawa na macho ya mzee.

"Mgonjwa anaogopa nini?"

Pale chini Bwana Ramadhani alikuwa anapima kitambaa, tukisikia ubao wa mita ukigonga meza. Sisi tulisikia, nadhani mzee hakusikia.

"Anaogopa akiacha udaktari," alisema, "hakuna kitu ingine anajua kuwa."

Nililia bila kujificha. Na swali la mwisho lilikuwa langu, nami sikuwa nimelitayarisha. "Mgonjwa angekubali," niliuliza, "mtu mwingine awe anasikiliza vifua, yeye abaki na kazi ya kuuliza?"

"Angekubali. Lakini hakuna mtu amemuuliza."

"Basi ameulizwa."

Alitoa kitambaa akajifuta uso mzima. Kibet aliteremka ngazi mbio, na sote tukajua ametoroka kama kawaida yake. Baadaye kidogo akarudi na bhajia za viazi kwenye karatasi, moto, na ukwaju pembeni, akaziweka mapajani mwa mzee. "Mleta kesi ale kwanza," alisema. Tangu siku ile Kibet hakuondoka tena kabla ya somo kwisha.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo ninayoitamani hadi leo. Tuliondoa meza moja, tukafanya kazi chumba kimoja, mimi na yeye, na dirisha likawa wazi, malori yakipita yatakavyo. Alipimwa masikio akapewa vifaa ambavyo vilipiga mluzi kila alipoinama, watoto wakamcheka, naye akawacheka watoto. Vilimsaidia kwa maneno, si kwa mapafu. Kwa hiyo yeye aliuliza, mimi nikasikiliza. Na maswali yake! "Usiku unalala na mito ngapi?" alimuuliza mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya goti. Mzee akasema mitatu, zamani ilikuwa mmoja. Daktari Njuguna akanigeukia, nikaweka stethoskopu mgongoni, na maji yalikuwa yamejaa mapafuni kwa sababu ya moyo uliochoka. Nami nilipokuwa nasikiliza, ilinibidi nimweleze kwa maneno kile nilichosikia: kulia chini, kama karatasi inakunjwakunjwa, mwishoni mwa pumzi. Alifumba macho nikimweleza. Sikuwahi kusikiliza kifua kwa makini kama nilipokuwa nasikiliza kwa niaba yake, na nadhani masikio niliyo nayo hadi leo ni yale aliyonichongea mwaka ule.

Mama Nyambura alirudi barabarani na sukuma zake. Daktari Njuguna alikwenda akasimama mbele ya kibanda akamwambia yeye mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake. Nilimsindikiza, nikingoja matusi. Mama Nyambura aliendelea kupanga sukuma zake. "Hata mimi siku hizi sioni vizuri," alisema, "na mnanunua tu sukuma iko na wadudu." Akamfungia mafungu mawili bure. Mwisho wa mwaka alama za mzee zilitimia, leseni ikahuishwa, na aliendelea kuuliza maswali kwa miaka kadhaa hadi siku aliyosema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba sasa anakwenda kuziuliza nduma.

Nilitoka mazishini na mfuko wa nduma mbichi. Binti yake alinipa, kutoka bonde lile. Zilikaa jikoni kwangu, nikizipita kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa na sababu ya kutozigusa. Mganga hajigangi, na kama ana akili hupenda kujisingizia kwamba hana la kugangwa. Wiki ile nilimwachia Brian ashone majeraha yote. Ijumaa alinitazama kidogo zaidi ya kawaida kabla ya kuchukua sindano, na nikaujua ule mtazamo. Niliwahi kuwa nao mimi, kwenye duara, Bwana Ramadhani akitetemeka kwa baridi.

Jumamosi alasiri nilichemsha nduma zote, nikaifunga sufuria kwa taulo, nikaita gari hadi kliniki. Madaktari wangu watatu walikuwa chumba cha kungojea, kila mmoja na simu yake, wanachuma alama za mwisho wa mwezi. Nikatandika gazeti mezani, nikafungua sufuria, mvuke ukapanda. Kisha nikachukua kisu kwa mkono wa kulia, mkono wenyewe, nikaanza kumenya mbele yao bila kuharakisha. Ganda lilikatika mara ngapi sijui.

"Daktari, kuna birthday?" Brian aliuliza, akicheka. Halafu akaona kisu, akaacha kucheka.

"Hakuna," nilimwambia, nikampa kipande cha kwanza. "Zimeni simu mle. Leo mimi ndiye nimeleta kesi."